Majina ya Kabla ya Kutua

Mezani walikuwa hawa, na ninawataja walivyokaa, kwa sababu kukaa kwao ndiyo habari yenyewe. Kichwani mwa meza Mzee Barasa, bawabu wa ghala moja kule Bugolobi, Mluhya mwenzangu, yeye wa Bungoma, aliyetangulia kufika Kampala na ndiye aliyenitafutia nyumba ile ya Kansanga. Kulia kwake Wanjiru wa Nakuru, muuza viatu vya mitumba, mpangaji wangu wa kwanza katika vyumba vya uani. Kisha mimi, Peresia, Mama Nafula, mwenye jiko na mwenye masufuria. Baada yangu Mama Okot, jina lake la ubatizo Santa, Mwacholi, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyeuza mafuta ya taa kwa kikopo. Kando yake Fundi Sserwadda, Muganda, mshona mikanda na mikoba ya ngozi, kibanda chake kikiwa mbele ya nyumba yangu. Huyo hakuwa mpangaji, alikuwa mlaji tu, na mlaji mkubwa. Na mwisho, mlangoni, juu ya kigoda kwa kuwa benchi lilishajaa, Deogratias Wandera, Msamia wa upande wa Uganda, mtoto wa ukoo wa baba yangu, aliyeniita senge, yaani shangazi, na aliyekuwa akisomea kurusha ndege. Okot mwenyewe alikuwa mgongoni mwa mama yake, bado ananyonya, hakuwa na mahali pake mezani.

Wandera tumemzika juzi. Tulimlilia kwanza nyumbani kwake Kyambogo, ndipo tukamrudisha kwao. Mimi nilikaa pale msibani, magoti yamekufa ganzi, watu wakija kunipa pole kama shangazi wa marehemu, nami nikipokea pole ile kama mtu anayepokea kitu cha mwenzake. Kila aliyeniambia, "Pole mama, umempoteza mtoto," nilitaka kumjibu kwamba nilimpoteza zamani, mwaka ule wa pili baada ya vita vilivyoiangusha serikali, na kwamba sikumpoteza peke yake. Lakini msibani mtu hajibu hivyo. Anasema asante. Nilisema asante mpaka koo likakauka.

Mwaka ule Kampala ilikuwa inajifunza upya kufungua madirisha. Umeme ulikuja ukipenda. Sukari ilipatikana kwa kujuana. Chumba changu cha chakula kilikuwa na kuta zilizopakwa chokaa hadi usawa wa kifua tu, juu yake saruji tupu, na meza yenyewe ilikuwa milango miwili ya zamani iliyounganishwa. Tundu za vitasa bado zilionekana, na Fundi Sserwadda alizoea kupitisha kidole pale akingoja chakula. Mchana nilipika matoke na mchuzi wa karanga kwa wapita njia wa barabara ya Ggaba. Jioni, kabla giza halijaingia, nilipika posho, yaani ugali, na maharage kwa watu wangu, na siku Mama Okot akipata simsim kutoka kwao aliisaga ikawa odii, akatupakulia kila mmoja kijiko. Wanjiru alikuwa akisema odii ile ingemfanya aache dini. Mzee Barasa alimjibu, "Wewe ulishaiacha, kilichobaki ni viatu."

Wandera alikuwa amekatishwa masomo na vita. Sasa palikuwa na kampuni moja ndogo, ndege yake moja, katika kiwanja cha majani nje ya mji upande wa njia ya Entebbe, na mwalimu wake aliitwa Kapteni Mugerwa. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa mwisho. Akifaulu, kampuni ile ingemwajiri. Ukoo mzima ulikuwa umeelekeza macho kwake, maana kwetu Samia hakuna aliyewahi hata kupanda ndege. Shida yake ilikuwa moja. Kabla ya kutua, rubani lazima apitie mambo fulani, moja baada ya jingine, na wakati huo hana mkono wa kushika karatasi wala jicho la kuisoma. Yote lazima yatoke kichwani. Kapteni aliwapa herufi za Kizungu zilizopangwa kama neno lisilo na maana: unalitamka, na kila herufi inakuita jambo lake. Wandera alilijua neno lile hata usingizini. Lakini Kapteni akimfokea huko juu, lilimtoka lote.

"Nikiogopa, senge, herufi zinanitoroka," aliniambia siku moja, posho ikiwa motoni.

"Basi shika kitu kisichotoroka."

Nilisema vile kama mtu anavyosema akiwa na mwiko mkononi, bila kufikiri. Yeye akatazama meza, akaanza kucheka. Akamnyooshea kidole Mzee Barasa. "Breki! Huyu hapa. Akiinua mkono pale getini, lori gani linapita?" Mzee Barasa akajivuta kifua mbele. Akahamia kwa Wanjiru: "Magurudumu, yaani miguu ya ndege. Nani anajua miguu kumshinda Wanjiru?" Mimi nikawa mchanganyiko, kwa sababu injini huchanganyiwa petroli na hewa kwa kipimo, kama unga na maji. Mama Okot akawa mafuta, hilo halikuhitaji maelezo, alinukia mafuta ya taa hata Jumapili. Fundi Sserwadda akawa mkanda wa kujifunga. Na mlango, kuangalia kama umefungwa vizuri, ukawa Wandera mwenyewe, aliyekaa mlangoni.

"Banange," Fundi akasema, "kumbe mimi nakula hapa bure, kazi yangu ni kuzuia watu wasianguke?"

"Bure?" Wanjiru akamdaka. "Bure ya nani? Mama Nafula, umesikia?"

Tangu jioni hiyo ikawa desturi yetu. Wengine husali kabla ya kula. Sisi tulisali, halafu tukatajwa. Wandera alituzunguka kwa macho: Mzee Barasa, Wanjiru, Senge, Mama Okot, Fundi, mimi mwenyewe. Kila aliyetajwa aliitikia "Iko!" kwa Kiswahili cha Kampala, na ambaye hakuitikia hakupakuliwa. Nakumbuka alivyotueleza habari ya mafuta, kwa kuwa hiyo haikuwa rahisi kama breki. Aliweka madumu mawili ya Mama Okot, moja upande huu wa kigoda na jingine upande ule. Ndege ile, alisema, ina tangi katika kila bawa, na haijui kuchota yenyewe huku na huku. Rubani ndiye anageuza kitasa. Kabla ya kutua ahakikishe anachota kwenye tangi lenye mafuta mengi, la sivyo injini inazimika na huku bawa la pili limejaa.

Mama Okot alicheka, akimbembeleza mtoto. "Hiyo si kitu ya kusoma. Hii dumu ikiisha, mimi nachukua ile. Nani anaweza kusahau hiyo?"

Sisi sote tulicheka naye. Hakuna aliyeweza kusahau hiyo.

Mume wa Mama Okot alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Mwenyewe alituambia alikuwa mpishi tu, hajawahi kupiga risasi hata ya ndege, na kwamba tangu vita haijulikani yuko wapi. Nilimwamini. Nasema nilimwamini ili msije mkadhani nilidanganyika. Lakini mwaka ule mtu aliyetoka kaskazini kama yeye, walikotoka askari wale, alitazamwa alivyonunua chumvi, alitazamwa alivyoteka maji. Nasi Wakenya tulitazamwa, ingawa kwa jicho jingine. Mwenyekiti wa mtaa wetu, Ssalongo Kaggwa, alikuja mchana mmoja akaketi, akanywa chai yangu polepole, akaniuliza ninalaza nani. Nikamtajia. Nilipofika kwa Mama Okot akaweka kikombe chini.

"Nnyabo, mume wake iko wapi?"

"Haijulikani, ssebo."

"Haijulikani," akarudia. Alikuwa mtu mpole, sitamzulia ukali. "Mama Nafula, wewe ni mgeni hapa. Mgeni hafugi mgeni." Akamaliza chai, akanishukuru, akaondoka. Hakuniamuru kitu. Miaka hii yote nimetamani angekuwa ameniamuru.

Kesho yake, saa za adhuhuri, nilimkuta Mama Okot uani anapimia mteja mafuta kwa kikopo na faneli yake ya bati. Nilingoja mteja aende. Nikamwambia atafute mahali pengine. Sikuwa nimeandaa maneno, nikasema nyumba ni ndogo, nikasema wageni wanakuja kutoka Busia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Niende siku gani?" Nikasema, "Leo ni bora." Alitundika faneli kwenye msumari wake, akafunga vitu. Mimi nikakimbilia jikoni nikamfungia Okot mandazi katika gazeti, mandazi ya moto, kana kwamba ukimpa mtoto mandazi mlango unakuwa haujafungwa. Wanjiru ndiye aliyembebea mzigo hadi barabarani. Aliporudi hakusema nami mpaka siku ya pili. Mzee Barasa alisema nimefanya la busara. Fundi alisema, "Kale," neno ambalo kwa Waganda laweza kuwa ndiyo, na laweza kuwa basi tu. Faneli ilibaki msumarini. Niliichukua baadaye, nikaitumia kumiminia mafuta ya kupikia.

Jioni hiyo Wandera aliingia, akatazama benchi. Tulipomweleza hakupiga kelele. Alikula kidogo. Kisha akaanza kututaja kama desturi, na alipofika kwa Mama Okot alilitaja jina, akangoja, na hapakuwa na wa kuitikia. Siku zilizofuata aliendelea hivyo hivyo, akilitupa jina lile katika nafasi tupu kando yangu. Lakini Ssalongo Kaggwa alikuwa ameanza kuja kula kwangu jioni, sijui kwa kuipenda posho yangu au kwa kuangalia, na siku moja Wandera alipolitaja, Ssalongo aliinua uso kutoka kwenye sahani. Mimi nikamwongezea maharage upesi. Alipoondoka nilimvuta Wandera jikoni.

"Usimtaje tena huyo mbele ya watu."

"Senge, simtaji yeye. Nataja mafuta."

"Basi sema mafuta."

"Nikisema mafuta ni herufi tena. Mimi nashika watu."

"Basi mtaje rohoni. Kwani lazima kila kitu kitoke mdomoni?"

Akasema, "Sawa, senge." Alikuwa mtoto wa adabu. Mtoto wa ukoo wako akikuambia sawa, wewe unadhani jambo limekwisha.

Kwa hiyo ikawa: Mzee Barasa, Wanjiru, Senge, halafu kichwa chake kinainama kidogo upande wa nafasi ile, halafu Fundi. Nilikiona kile kichwa kikiinama. Baadaye, kwa kuwa nafasi tupu kwenye benchi haikai, Fundi alisogea, nami nikasogea, tukawa bega kwa bega, na mchuzi wake ukanirukia. Hapakuwa na mahali pa kuinamia tena. Siwezi kusema ni siku gani kichwa kiliacha kuinama. Nasema tu kwamba niliona kimeacha, na moyo wangu ulitulia. Nilidhani mtoto amesahau uchungu. Leo nikikaa peke yangu barazani nasikia jinsi majina yale yalivyoanza kutoka laini, bila kujikwaa, na jinsi nilivyopenda ulaini ule.

Asubuhi ya mtihani nilimpikia chai ya maziwa na mayai mawili. Wote walikuwapo, hata Fundi, ambaye asubuhi hakuwa na kawaida ya kula kwangu. Nilimwambia Wandera atutaje kabla ya kutoka, iwe kama baraka. Akatutaja, haraka, macho yakicheka, nasi tukaitikia "Iko! Iko!" mpaka mlangoni. Fundi akamwambia, "Ukirudi rubani, nakushonea mkanda wa ngozi ya mamba." Wanjiru akasema mamba gani, labda mjusi. Mimi nikasema amina. Nilimsikia Wandera vizuri alivyotutaja, na nikasema amina.

Alasiri Kapteni Mugerwa alikuja mwenyewe, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, kiatu kimoja kimejaa tope. Alisimama mlangoni pale pale palipokuwa kigoda. Alisema kijana yuko hai. Alisema walikuwa wamekizunguka kiwanja wakijiandaa kutua, kijana alikuwa akipitia mambo yake kwa mdomo, na yeye kama mtahini alikuwa amenyamaza inavyotakiwa, akiangalia vidude vingine. Walipokuwa wameshashuka chini sana, injini ikakohoa, ikanyamaza. Hapakuwa na muda wa kugeuza chochote. Wakaangukia kwenye mafunjo ya bwawa kabla ya kufika kiwanjani. Goti la Wandera lilikuwa limepondeka. Kapteni alisema hayo kwa utulivu, kisha utulivu ukamshinda, akapiga kizingiti kwa kiganja kizima. "Tangi ya kulia ilikuwa imejaa, nnyabo! Imejaa! Hajageuza!"

Hospitalini nilimkuta ameamka, mguu umetundikwa. Nilikuwa nimebeba uji. Nilitaka aseme neno la kunilaumu, ili nami nipate la kujibu. Alinitazama kama mtoto aliyetumwa dukani na akarudi bila kitu.

"Niliwataja wote waliokuwa mezani, senge," akasema.

Nikamnywesha uji. Hatukulizungumza tena neno lile, mwaka ule wala miaka yote iliyofuata. Goti halikurudi, na kampuni haikutaka kumsikia. Alipata kazi ya kutunza vipuri katika ghala lile la Bugolobi, aliyoombewa na Mzee Barasa, akaoa, akajenga Kyambogo, akawa mtu wa fimbo na wa utani. Kila Krismasi aliniletea sukari. Nami kila Krismasi nilijiambia, akimaliza chai nitamwambia. Alikuwa akimaliza chai, nami namwongezea.

Sasa msibani. Nilikuwa mkekani na bintiye mkubwa, Nabwire, na Fundi Sserwadda, ambaye siku hizi hasikii ila ukimpigia kelele. Akaingia mwanamke mzee, mrefu, ameshikwa mkono na mwanamume aliyevaa sare ya polisi. Nilimjua kabla hajainua uso. Alitazama mkeka, akamgusa Fundi begani asogee, akaketi kati yetu. Hakuna aliyemwonyesha pale. Alikuja akaketi pale.

"Mama Nafula," akasema. "Umezeeka."

"Wewe je, Mama Okot?"

Nabwire akageuka kama mtu aliyeitwa. "Mama Okot? Wewe ndiye Mama Okot?" Akaweka kikombe chini. "Baba hakuwa anawasha gari kabla ya kuwataja. Mzee Barasa, anakanyaga breki. Wanjiru, anachungulia magurudumu. Senge, Mama Okot, Fundi, mimi mwenyewe. Kila siku, hata kwenda kanisani. Sisi watoto tulikuwa tunaitikia kiti cha nyuma. Tulidhani ni watakatifu!" Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachoshikwa mkono mdomoni.

"Sasa akifika kwangu anafanya nini?" Mama Okot akauliza.

"Anatazama geji ya mafuta. Anaigonga kwa kidole."

Mama Okot akatikisa kichwa, machozi na tabasamu pamoja. Akasema Wandera alimtafuta. Alifika Naguru na fimbo yake, akamkuta kwa ndugu yake, na tangu siku hiyo alikuja kwake kununua mafuta ya taa, mwaka baada ya mwaka, hata umeme ulipokuwapo.

"Kumbe!" Nabwire akasema. "Ndiyo sababu stoo yetu imejaa madumu! Mama alikuwa anagombana naye, anauliza tunachoma nini." Kisha, kwa ule udadisi wa watoto wetu ambao hawajui kuna milango isiyofunguliwa, akauliza, "Na ulikaaje mbali na wenzako, mama? Kwa nini uliondoka Kansanga?"

Fundi alikuwa akitutazama midomo, hasikii. Mama Okot alinyoosha kitenge chake juu ya magoti, akalainisha kunjo moja, akalainisha jingine.

"Nilihama," akasema.

Akamwomba Nabwire chai. Chai ikaja. Nami, nikiwa kando yake, bega kwa bega, nililiacha neno lile lipite. Nililisikia vizuri, kama asubuhi ile ya mtihani, na kitu pekee kilichokosekana ni kusema amina.

Ndiyo maana nimeandika habari hii, kwa herufi zangu za darasa la pili. Mzee Barasa ameshatutoka. Wanjiru alirudi Nakuru, na kama yu hai amezidi sana umri wa kutembeza viatu. Walioshuhudia meza ile wamepungua, na kichwa changu nacho kinajua kusogea kwenye benchi. Inawezekana Wanjiru alikaa kushoto kwa Mzee Barasa, si kulia. Inawezekana yai la asubuhi ile lilikuwa moja tu. Aliyekuwapo, au aliyesimuliwa na mamake, anisahihishe, nitafuta na kuandika upya bila kinyongo. Lakini kama watoto wa Okot, yule wa sare ya polisi, waliambiwa kwamba nyanya yao alihama Kansanga, hilo nalisahihisha mwenyewe: hakuhama, alifukuzwa mchana, na aliyemfukuza ni mimi. Na mkiona katika karatasi hizi kuna mtu nimemwacha, msije kuninong'oneza jikoni. Mtajeni kwa sauti, hata kama kuna mgeni mezani.